Baiskeli ya Trek ya mwaka 92 Ngamiani: dalali kasema 80,000, mpwa kasema laki tisa, na mimi nilivyopiga hesabu

Shangazi mmoja jirani yangu hapa Ngamiani, Tanga, aliniita jioni akaniambia mwanangu njoo uniangalizie baiskeli ya marehemu nataka kuiuza. Sio shangazi wa damu ila ndo nimekua namwita hivyo, na marehemu mumewe ndo alinifundisha kuendesha baiskeli, kwahiyo hii sikuichukulia kama kazi ya kijiweni kwangu ninapotengeneza baiskeli. Mtoto wake wa mwisho kachaguliwa kidato cha tano shule ya bweni, kuna godoro, sare, madaftari, nauli, kapiga hesabu yake imekuja 180,000. Baiskeli ilikuwa ukumbini imeegemezwa ukutani imefunikwa shuka, toka mzee afariki hakuna aliyeigusa.

Sasa shida ni kwamba kabla sijafika alikuwa tayari na bei mbili kichwani. Ya kwanza ya dalali wa baiskeli aliyepita mchana, kaiangalia dakika tano kasema 80,000 nakupa sasa hivi. Ya pili ya mpwa wake yuko Dar, alimpigia simu, jamaa akaingia mtandaoni akaandika jina la baiskeli akakuta tangazo la Marekani dola 350, akazidisha kwa shilingi, ikatoka laki tisa na kitu, akamwambia shangazi huyo dalali mwizi usimpe. Mama wa watu yuko katikati ya 80,000 na 900,000 na fomu ya shule iko mezani. Ukifikiria vizuri hapo hana bei hata moja, ana kelele mbili.

Nitaeleza nilivyofanya hatua kwa hatua manake naona watu wengi wanauza baiskeli nzuri kwa bei ya kutupa, na wengine wanang'ang'ania bei za ndotoni mpaka baiskeli inaoza kwa kutu ukumbini, na pwani huku chumvi haisubiri mtu.

Kwanza ni baiskeli gani. Trek 820, ubavuni kwenye fremu imeandikwa na haijafutika, fremu ya chuma ina stika ya True Temper, waliotengeneza paipu zake, foku ngumu ya chuma haina shokapu, matairi inchi 26. Trek ni kampuni ya Waterloo kule Wisconsin ilianza kutengeneza fremu 1976, na hizi 820 zilikuwa baiskeli zao za bei ya kawaida, sio za mashindano, mtu wa kawaida Marekani ananunua anaenda nayo kazini na wikiendi anaingia nayo msituni. Hii ilikuja Tanga na mtafiti mmoja wa kizungu aliyekuwa anafanya kazi milimani Amani, alipomaliza mkataba akamwachia mzee. Ndo historia aliyonipa shangazi, ila historia ya mdomo sikuitegemea peke yake, nikaitafuta kwenye vyuma.

Hapa kuna kitu kizuri sana ambacho mafundi wengi hawakijui. Vifaa vya zamani vya Shimano, kampuni ya Kijapani ya gia na breki, vina herufi mbili ndogo zimegongwa mahali pa kujificha, kwenye krenki, ile mikono inayobeba pedeli, zipo upande wa nyuma ule unaotazama fremu. Herufi ya kwanza ni mwaka, A ni 1976, B ni 1977, unaenda hivyo hivyo mpaka Z ambayo ni 2001, halafu inaanza upya A ni 2002. Herufi ya pili ni mwezi, A Januari mpaka L Desemba. Nikasugua krenki na mafuta ya taa, ikatokea QH. Ukihesabu Q ni 1992 na H ni Agosti. Na breki zake ni zile za kizamani ambazo waya wa katikati unavuta kijiwaya kingine kinachokaa mfano wa pembetatu juu ya tairi, wakati breki ndefu za kubana pembeni Shimano alizitoa 1996, kwahiyo vyote viwili vinakubaliana. Ila mtambo wa gia wa nyuma ule unaosogeza cheni una AE. Hiyo A inaweza kuwa 1976 au 2002, lakini huwezi kukuta mtambo wa gia wa 1976 kwenye baiskeli ya 1992, kwahiyo ni Mei 2002, manake ulishabadilishwa. Gurudumu la nyuma nalo lilishabadilishwa, lina friwili, zile gia za nyuma zinazovutwa na cheni, ya kukazwa kwa kuzungusha kama nati, ya gia saba, zile zinazopatikana kila duka la spea hapa mjini.

Umri nilikuwa nautafutia nini? Sio kwamba baiskeli ya zamani ina bei zaidi. Nilitaka kujua nabishana na tangazo lipi la mpwa. Nikampigia, nikamwambia kaka lile tangazo niliangalie. Akanitumia. Baiskeli ile ni safi inang'aa, vifaa vyote vya kiwandani, matairi mapya, imesafishwa mpaka ndani. Halafu 350 ni bei mtu aliyoandika, haijauzwa. Kule eBay, mtandao wa kuuziana vitu, kuna sehemu unaweza kuchagua uone vilivyouzwa tu, sio vinavyotangazwa, nikamwelekeza afanye hivyo kwa baiskeli za aina hiyo za chuma za miaka ile, akarudi mwenyewe sauti imeshuka, akasema kaka nyingi zimeondoka kwa bei ya chini sana kuliko ile. Nikamwambia na hata hizo kuna sababu mbili hazituhusu. Moja, kule kuna watu wanazipenda hizi fremu za chuma za miaka ya 90 wanazijenga upya kwa safari ndefu, mtu wa hivyo Tanga hayupo, na kumsafirishia baiskeli mtu wa Marekani kutoka huku gharama inaimeza baiskeli yenyewe. Mbili ndo kubwa zaidi, ni hiyo inchi 26.

Niseme kidogo hapo manake ndo moyo wa kisa chote. Baiskeli za milimani toka zinaanza zilikuwa inchi 26. Baadae zikaja 29, zikaja 27.5, na kufikia miaka ya 2013, 2014 hivi makampuni makubwa yalikuwa yameshaiacha 26 kwenye baiskeli zao nzuri. Kwahiyo kule nje 26 imeshuka thamani, mtu anaiona ya kizamani, matairi mazuri ya size hiyo yamepungua. Huku kwetu ni kinyume kabisa. Ingia duka lolote la spea kuanzia barabara ya kwanza uje mpaka Makorora, uliza tairi 26 kwa 1.95 utaletewa za aina tatu kabla hujamaliza sentensi, uliza 29 utaambiwa agiza Dar. Jamaa wa kijiwe cha pili alinunua baiskeli ya 29 nzuri kweli, tairi la nyuma likachanika, kaipaki wiki tatu. Kwahiyo kitu kile kile kinachoshusha bei Marekani huku kinaipandisha. Mpwa alikuwa amechukua bei ya kule pamoja na sababu za kule akazileta kwenye soko lenye sababu nyingine, na dalali hakukosea kuzipuuza.

Haya, bei ya hapa unaipataje? Mimi siamini bei za kutangaza, naamini pesa iliyobadilisha mikono. Nikakaa nikakumbuka baiskeli ambazo mimi mwenyewe niliona zimeuzwa miezi ya karibuni. Kuna Giant ya alumini yenye shokapu mbele, hali nzuri, ilienda 280,000. Kuna ya kichina isiyo na jina la maana, imetumika miaka miwili, ilienda 130,000. Na kuna Specialized Hardrock ya chuma, mtumba wa zamani kama hii yetu, ilikuwa na matairi mapya na gia zinaingia zote, ilienda 230,000 kwa jamaa anayesambaza mikate. Hiyo ya tatu ndo ndugu yake wa karibu. Na juu yake kuna dari, ambayo ni baiskeli mpya ya kichina dukani, niliulizia wakasema 320,000 na maongezi yapo. Mtumba wa miaka thelathini hata uwe mzuri vipi mnunuzi wa kawaida akisikia inakaribia hiyo ataenda kuchukua inayong'aa na ina plastiki kwenye siti.

Nikaangalia tena yetu dhidi ya ile Hardrock. Fremu hii nzito kidogo ila imara, na nyuma ina matundu ya kufungia keria ya maana, sio keria za kubana kwenye paipu zinazozunguka ukibeba kreti. Foku ngumu. Vijana hawaipendi, wanataka shokapu na diski hata kama shokapu yenyewe imeganda haishuki, lakini mtu wa kazi anaipenda manake hakuna cha kuharibika pale. Kwahiyo mnunuzi wangu nikamjua kabla sijamuona, sio kijana wa kwenda Raskazone jioni kupunga upepo, ni mtu wa mzigo. Ukishajua mnunuzi ni nani unajua pia ni ubaya gani utamsumbua na upi hatauona. Nikasema ikiwa nzima hii ni 240,000 kwa mtu wa mzigo.

Na hapa nilifanya kosa ambalo mpaka leo linaniuma. Ile jioni ya kwanza, nimeshaipima kwa macho, nimeinyanyua, nimezungusha pedeli, shangazi akaniuliza mwanangu inafika ngapi, nikamjibu 240 ikitengenezwa. Nilisema "ikitengenezwa", lakini mtu mwenye shida ya pesa ya shule haisikii hiyo, anasikia 240. Nikaona uso wake umefunguka, akaanza kuhesabu, 180 ya shule, 60 inabaki ya bati la jikoni. Nilikuwa sijafungua hata nati moja.

Kesho yake asubuhi nikaifungua uani.

Fremu kwanza, manake fremu ikiwa imekufa mengine yote ni spea tu. Nikapitisha kidole chini ya paipu kubwa la chini karibu na shingo, hapo ndo baiskeli iliyogonga ukuta au gari inaonyesha mkunjo, rangi inakuwa na mawimbi madogo. Hapakuwa na wimbi. Halafu nikafunga kamba toka nyuma kwenye ekseli, nikaizungusha mbele ya shingo ikarudi upande wa pili, nikapima toka kamba mpaka paipu la fremu linalosimama chini ya siti, kushoto na kulia. Tofauti milimita mbili, hiyo nzuri kabisa. Nikaigonga gonga na sarafu paipu za chini nyuma, sauti ya kengele kote, hakuna sehemu iliyolia bubu kama debe lililooza.

Matairi yote mawili yamepasuka pasuka mbavuni, ukikunja unaona nyuzi. Hata kama yanashika upepo hayo ni ya kutupa, 18,000 kila moja, tyubu 5,000 kila moja, jumla 46,000. Nyaya nne na makava yake zimeshika kutu, 12,000. Raba za breki zimekauka ngumu kama mfupa, 8,000. Spoku mbili zimekatika gurudumu la nyuma upande wa friwili na ringi inayumba, spoku 2,000 na ufundi wa kuinyoosha 5,000. Katikati pedeli zinapozunguka kuna mchezo, gololi na grisi 5,000.

Cheni nikaipima na tepu. Pingili 12 kamili, hapo pingili pana na nyembamba mbili zinahesabiwa moja, zikiwa mpya ni inchi 12 kamili toka katikati ya pini mpaka katikati ya pini. Ikizidi moja ya kumi na sita ya inchi badilisha cheni, ikizidi moja ya nane jua imeshakula na friwili. Hii ilikuwa moja ya nane, kama milimita tatu. Kwahiyo cheni 12,000 na friwili 18,000, jumla 30,000. Bei zote hizi nilienda dukani nikaziuliza siku hiyo hiyo, sikuzikisia.

Ukijumlisha na ufundi wa kawaida wa kuunga vyote, 20,000, unapata 128,000. Toa kwenye 240,000, inabaki 112,000. Ndo thamani ya ile baiskeli ilivyokaa pale ukumbini chini ya shuka.

Nikakaa kwenye ngazi nikaiangalia hiyo namba muda mrefu. Manake nilikuwa nimemkasirikia dalali, nilikuwa nimepanga nikikutana nae nimwambie maneno. Na hesabu inasema dalali alikosea 32,000 tu, na kwenye hiyo 32,000 ndo kuna faida yake, na kukaa nayo wiki mbili tatu bila mteja, na hatari ya kitu ambacho hakukiona kwa dakika tano. Sio mwizi. Ni mtu aliyepiga hesabu yangu kwa haraka akajilinda. Aliyekuwa mbali na ukweli ni mpwa, tena kwa mapenzi kabisa, na mimi mwenyewe na ile 240 yangu ya jioni.

Halafu ndo nikagusa paipu la siti, lile linaloingia ndani ya fremu. Halijatoka. Nikalegeza boliti, nikakamata siti kwa mikono miwili nikazungusha, fremu nzima ikageuka na mimi. Paipu la siti ni alumini na fremu ni chuma, na ukichanganya metali hizo mbili na jasho na hewa ya bahari miaka kumi bila grisi zinashikana, alumini inatoa unga mweupe unavimba ndani, ni kama zimechomelewa. Mzee alikuwa mrefu, siti iko juu. Mtu mfupi hawezi kuiendesha ile baiskeli. Nilijua kabisa mnunuzi yeyote mwenye akili atajaribu kushusha siti, ikigoma anatoa 40,000 palepale, au anaondoka, manake anaanza kujiuliza nini kingine kimeganda. Namba yangu ya 112 ikawa 72. Chini ya dalali!

Sikumwambia shangazi siku ile. Nilimwambia bado naifungua.

Ilisaidia kwamba pale katikati pedeli zinapozunguka nilikuwa nafungua gololi kwa vyovyote. Nikatoa ekseli yote, nikaigeuza baiskeli miguu juu, nikamimina mafuta ya taa niliyochanganya na oili ya gia kupitia tundu la katikati, yakashuka ndani ya paipu la fremu yakafika kwenye mshikano kwa ndani, sehemu ambayo ukipuliza kwa nje hufiki. Na kwa nje nikapaka pia. Na ule uchafu uliotoka katikati nikauangalia kwa tochi, kutu ipo ila ya juu juu, nikachokonoa kwa msumari chuma hakijatoboka, hapo nilishukuru. Usiku ule, na siku ya pili, asubuhi na jioni naongeza mafuta. Siku ya tatu nikabana kichwa cha paipu kwenye jiliwa la fundi chuma wa mtaa wa pili, nikakamata fremu nikaizungusha yenyewe kama usukani, polepole, bila kulazimisha manake ukivunja pale umemaliza kesi. Ikalia. Mlio mkali kama mlango wa zamani. Ikasogea robo, ikarudi, robo tena, ikatoka na unga mweupe na maji meusi. Nilipiga kelele mpaka watoto wakaja. Nikasugua ndani, nikapaka grisi, ikawa inashuka na kupanda kwa mkono mmoja. Hiyo kazi gharama yake ilikuwa mafuta na subira, na iliokoa 40,000.

Sasa swali likawa tutengeneze kipi na tuache kipi, maana shangazi hana 128,000 ya kutangulia, angekuwa nayo asingekuwa anauza baiskeli. Watu wengi wanafikiri ukitengeneza kila kitu unarudisha. Hapana. Kuna ukarabati unaorudisha zaidi ya ulichotoa na kuna unaorudisha sawa sawa tu, huo wa pili muachie mnunuzi, manake yeye ana ladha yake na ana pesa. Rangi kwa mfano, jirani alishauri tuipige rangi mpya iwe nyekundu ipendeze. Nilikataa kabisa. Rangi mpya kwenye baiskeli ya zamani inamfanya mtu aulize inaficha nini, mkunjo au wizi, na inafuta yale maandishi ya Trek na ile stika, ndo vitambulisho vyake. Tuliiosha kwa sabuni, nikasugua kutu ya juu kwa foili iliyolowa maji, nikapaka nta. Bure na ilibadilika sana.

Breki, nyaya, gololi na spoku nikatengeneza, kwasababu mteja anapojaribu baiskeli anafanya vitu viwili, anabana breki na anazungusha pedeli. Breki isiposhika anaogopa na hofu yake haipigi hesabu ya 8,000, inakata 50,000. Vifaa vilikuwa 27,000, nilimkopesha shangazi, ufundi wangu sikuuhesabu kwa sababu ya mzee.

Cheni na friwili nikaacha vyote viwili makusudi. Cheni iliyochoka na friwili iliyochoka zimezoeana, zinaenda vizuri hazirukiruki. Ukiweka cheni mpya kwenye friwili iliyolika ndo inaanza kuruka ukikanyaga kwa nguvu, kwahiyo ukibadilisha cheni peke yake ili ionekane mpya umetoa 12,000 kuiharibu baiskeli. Ama vyote ama usiguse. Matairi nayo nikaacha, mtu wa mzigo anachagua mwenyewe tairi lake.

Kwahiyo 240,000 toa 76,000 za matairi na cheni na friwili, ni 164,000. Tukakubaliana na shangazi anaanza na 175,000, chini ya 150,000 hatoi. Na hapo ndo nilimwambia yote, ile 240 na ile paipu, nikamwomba radhi kwa kutamka namba mapema. Akanyamaza kidogo, akasema basi bati litasubiri.

Nilichofanya cha mwisho ni karatasi. Nikaandika kwa mkono: tairi mbili zibadilishwe, 46,000. Cheni na friwili, 30,000, vibadilishwe pamoja. Mtambo wa gia wa nyuma sio wa kiwandani. Krenki ni ya Agosti 1992. Nikaandika na namba ya fremu iliyogongwa chini pale pedeli zinapozunguka. Watu waliniambia unamwonyesha mteja ubaya wote si unajishushia? Kwa nilivyoona mimi mteja ubaya anautafuta kwa vyovyote, na akiupata mwenyewe anaupa bei ya woga wake. Ukimpa wewe kwenye karatasi, tayari una bei ya dukani, anaweza kuvuka barabara akaulize.

Ilikaa siku tisa. Walikuja wanne. Kijana mmoja aliuliza shokapu iko wapi akaondoka. Mmoja alitaka kwa laki moja, hakushuka hata kwenye pikipiki yake. Wa tatu alikuwa yule dalali, alirudi mwenyewe, akasoma karatasi yote, akashusha siti akapandisha, akasema kaka hapa nakupa 125. Nilimshukuru kwa dhati, nikamwambia tunamsubiri mtu mmoja. Wa nne ni baba anayechukua maziwa pembezoni huko njia ya Pangani analeta mjini kwa madumu, alikuja na dumu tupu la lita ishirini akalijaza maji kwetu akafunga kwenye keria ya kuazima akaizunguka mtaa mzima, akarudi akasema haiyumbi. Hakuongelea rangi. Akauliza friwili kwanini haijabadilishwa, nikamweleza kama nilivyoeleza hapa, akatikisa kichwa akasema sawa. Akatoa 150, shangazi akasema 170, wakakutana 160,000. Wakaandikishana kwa mjumbe na namba ya fremu ikaandikwa, hiyo muhimu siku hizi, mnunuzi wa baiskeli ya mtumba akisimamishwa barabarani ana cha kuonyesha.

Kwahiyo shangazi alipata 160,000, akanirudishia 27,000, mkononi 133,000. Dhidi ya 80,000 ya siku ya kwanza hiyo ni 53,000 zaidi, kwa siku tatu za kazi yangu na siku tisa za kusubiri. Angekuwa na haraka ya kesho, 80 isingekuwa aibu, na ile 125 ya mara ya pili ilikuwa bei nzuri kabisa ya dalali. 47,000 iliyobaki ya shule alichukua kwenye kikoba chao, mtoto alisafiri kwa wakati.

Juzi yule baba wa maziwa alikuja kijiweni, matairi ameshaweka, sasa anataka cheni na friwili. Karatasi yangu anayo bado imekunjwa mfukoni, imelowa maziwa kwenye kona. Friwili imepanda, duka linataka 21,000 na mimi niliandika 18,000. Hakulalamika ila aliiangalia ile namba. Nikamtolea hiyo 3,000 kwenye ufundi, nikafunga vyote viwili pamoja, na kabla hajaondoka nikalegeza boliti ya siti nikaizungusha. Inazunguka.